Punda Mmoja, Wagonjwa Wawili

Mazungumzo ya redio. Somo: 2 Wakorintho 12:7-10

   Leo safari yetu yaanzia Marereni.

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen huvuka mto Sabaki, akapita Gongoni, kisha akafika Marereni. Upande wa bahari ataona mikoko, na karibu na mikoko ataona mabwawa mapana ya kutengenezea chumvi. Wenyeji wa huko waijua kazi hiyo kuliko sisi. Maji ya bahari huingizwa katika bwawa la kwanza, yakakaa humo. Jua huyapiga na upepo huyapunguza. Kisha huhamishwa hadi bwawa la pili, na la tatu, na kila yahamishwapo huwa yamepungua tena. Mwishowe, maji yanapokuwa machache kabisa, chumvi huanza kuonekana chini, nyeupe, ikawa tayari kukusanywa kwa sepeto. Ile chumvi ilikuwamo tangu mwanzo. Lakini maji yalipokuwa mengi hakuna aliyeiona.

Ndugu msikilizaji, hivyo ndivyo Mungu atendavyo na watu wake mara nyingi. Sisi twapenda kujaa. Yeye hutupunguza, ili kile alichoweka ndani yetu kionekane.

Tuna sababu ya kulisema jambo hili. Wakati mmoja tulikwenda upande huo wa Marereni kwa mkutano wa Injili. Tulijitayarisha kweli kweli. Tulikuwa na vipaza sauti, tulikuwa na jenereta, tulikuwa na mhubiri ambaye sifa zake zilimtangulia. Njiani tulizungumza juu ya umati utakaokuja, na kusema kweli tulizungumza juu ya vyombo vyetu kuliko tulivyozungumza na Mungu. Jioni ile jenereta ilikataa kuwaka. Mhubiri wetu akashikwa na homa, akalala. Watu walikuwa wameketi chini ya mwembe wakingoja. Basi ikabidi asimame mwinjilisti mmoja wa hapo kijijini, mtu mwenye kigugumizi, ambaye tulikuwa tumempa kazi ya kupanga viti tu. Alishika taa ya chemni kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono wa pili. Alisema maneno machache, naye aliyasema kwa shida. Lakini hakuna aliyeondoka. Na wale waliobaki kuombewa usiku ule hawakuja kwa ajili yetu. Sisi tulirudi nyumbani tumenyamaza, na tukaanza kujiuliza: je, Mungu huufanyia nini udhaifu wetu?

Mtume Paulo aliuliza swali kama hilo. Katika sura ya 12 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho anatueleza habari za mwiba uliokuwa mwilini mwake. Hatuambii ulikuwa ugonjwa gani, na pengine ni vyema hakutuambia, maana kila mmoja wetu aweza kuuweka mwiba wake mwenyewe mahali pale. Alimsihi Bwana mara tatu amwondolee. Jibu alilopata ni kwamba neema ya Bwana ilimtosha, na ya kuwa uweza wa Bwana hutimilika mahali palipo na udhaifu. Mwiba ulibaki, na neema ikabaki pamoja nao.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, hatuna haja ya kwenda Korintho kuliona jambo hili. Lilitendeka hapa hapa pwani yetu, katika nchi ya Wamijikenda. Na tuangalie jinsi Injili ilivyofika Rabai.

Mwaka 1844 alifika Mombasa mtu mmoja jina lake Johann Ludwig Krapf. Alikuwa mtoto wa mkulima, mzaliwa wa Derendingen huko Ujerumani mwaka 1810, naye alitumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Kabla ya hapo alikuwa ametumika Ethiopia na kufukuzwa huko. Tena, katika safari zao za upande huo, mkewe Rosine alijifungua mtoto nyikani, na mtoto yule akafa. Hivyo hata kabla ya kukanyaga Mombasa walikuwa wameacha kaburi njiani.

Walikuja na tumaini jipya. Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimpa Krapf barua ya ruhusa. Krapf akaanza kujifunza Kiswahili, tena hakukawia, akaanza kuyatafsiri maneno ya Biblia. Lakini mwezi wa Julai wa mwaka ule ule 1844 homa iliingia nyumbani mwake. Rosine alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu zilizopita. Mume alikuwa mgonjwa hawezi, mke alikuwa mgonjwa kumzidi mumewe. Tarehe 13 Julai Rosine akafa. Baada ya siku chache mtoto naye akafa. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kando ya njia wapitayo Wamijikenda, ili hata kaburi lake liwakumbushe watu sababu ya kuja kwake. Wakamzika upande wa Nyali, na mpaka leo pana ukumbusho mahali pale.

Fikiri, ndugu yangu. Mtu amekuja kuhubiri uzima, na kazi ya kwanza ionekanayo ni kaburi la mama na mtoto. Ingekuwa sisi tungesema nini? Pengine tungesema, Mungu hayuko katika jambo hili. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba sasa wanalo kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara ya kuwa vita vimeanza. Basi na wajitayarishe kuendelea. Hakuficha machozi yake. Lakini hakuyafanya machozi kuwa mwisho wa habari. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Miaka miwili Krapf alikaa peke yake. Mwezi wa Juni 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen. Kabla hajazoea hali ya hewa, homa ikamshika naye. Wazee wa Rabai walikuwa wamekwisha kubali wageni hawa waje wakae kwao. Basi tarehe 25 Agosti 1846 wakaondoka kwenda huko. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakampanda kwa zamu. Huyu akipanda, mwenzake akijikokota kwa miguu, akichoka, wakabadilishana. Ndivyo walivyokipanda kilima cha Rabai.

Krapf alipoyaandika mambo hayo baadaye alikiri kwamba huenda haijapata kuwako misheni iliyoanzishwa katika udhaifu mkubwa kama ule. Naye aliona sababu yake: ili wasijisifie nguvu zao, wala waliokuja baada yao wasije wakajisifu.

Hapa twataka msikilizaji atambue jambo moja ambalo husahauliwa. Wagonjwa wawili hawawezi kujikaribisha wenyewe. Mtu mwenye homa humhitaji mwenyeji wa kumpa maji. Wazee wa Rabai wangaliweza kuwafukuza, nao wasingalikuwa na la kufanya. Hawakuwa na askari, hawakuwa na mzinga. Miaka zaidi ya mia mbili kabla yao, Wareno walijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, wakaanza mwaka 1593. Waliipa jina la Bwana wetu, wakaweka mizinga juu ya kuta zake. Mwaka 1698 ngome ilichukuliwa na Waomani. Kuta zingali zimesimama, na watu hulipa kiingilio kuzitazama. Lakini kanisa lililokuwa likitegemea kuta zile halikudumu. Wale waliokuja Rabai walikuja na punda mmoja, wakategemea ukarimu wa wenyeji wao. Na kanisa lile lingaliko. Hatusemi haya ili tudharau Wakristo wengine. Twasema ili tujiulize sisi wenyewe tunategemea nini.

Na je, mtu wa kwanza kubatizwa huko alikuwa nani? Wageni hawa walitamani, kama sisi tunavyotamani, kwamba wazee wakubwa waje kwanza, ili watu wote wawafuate. Haikuwa hivyo. Wa kwanza alikuwa mtu kilema, jina lake Mringe. Wengine waliposikia na kwenda zao, yeye alisikia na kuuliza. Alibatizwa akiwa katika ugonjwa wake wa mwisho, mwaka 1851, na hakuishi siku nyingi baada ya hapo. Tazama basi hesabu ya miaka saba: makaburi, homa, na kilema mmoja anayekufa. Kwa hesabu ya dukani hiyo ni hasara tupu. Lakini tukiifungua Injili twaona kwamba Bwana wetu aliwapenda watu kama Mringe. Waliokwisha alikwa karamuni walipotoa udhuru, mwenye karamu aliagiza waletwe maskini, na vilema, na vipofu. Rabai, karamu ilianza kwa kilema.

Mwaka ule ule 1851 Krapf alisafiri tena Ukambani, mpaka karibu na mto Tana, pamoja na Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa rafiki yake. Wakashambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alikuwa na bunduki, lakini bunduki haikumsaidia kitu. Alikuwa na darubini, lakini hakuna alichotaka kukiona mbali, alitaka maji. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu. Basi akatia maji katika mkoba wa darubini, akajaza maji katika mitutu ya bunduki na kuiziba kwa majani. Twaona silaha ya mtu mwenye nguvu ikigeuka kuwa kibuyu cha mtu mwenye kiu. Akarudi Rabai akiwa hoi, lakini yu hai. Mwaka 1853 afya yake ilimshinda, akarudi kwao Ulaya.

Rebmann alibaki. Na habari za Rebmann, wapenzi wasikilizaji, ndizo zitugusazo zaidi, maana kwake udhaifu haukuwa wa siku moja. Ulikuwa wa miaka.

Mwanzoni naye alikuwa msafiri. Akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, alikwenda Uchagani, na tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Kiongozi wake alimweleza kuwa weupe ule ni baridi. Akaandika alichokiona: ni theluji. Huko London wataalamu wengine walimcheka. Mmoja wao, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa ameikanyaga nchi hii, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Rebmann hakuwa na cheo cha elimu cha kuwanyamazisha. Alisema alichoona, akaendelea na kazi yake. Baada ya miaka zaidi ya 10, Baron Karl Klaus von der Decken alipokwenda na kupanda sehemu ya mlima, ikathibitika kwamba mmisionari wa Rabai alisema kweli. Unyenyekevu, ndugu yangu, si kuukana ukweli unaoujua. Ni kuusema bila kelele, na kumwachia Mungu siku ya kuthibitishwa.

Mwaka 1849 Rebmann alikwenda Uchagani mara ya tatu, akikusudia kupita mpaka Unyamwezi. Hakufika. Huko Machame, Mangi Mamkinga alimpokonya vitu vyake karibu vyote kwa kudai zawadi. Alirudi pwani mikono mitupu, naye mgonjwa. Ile safari yake kubwa haikuwapo tena. Baada ya hapo akazidi kutulia Rabai.

Je, alifanya vizuri kukaa? Wengine walimlaumu. Yeye na Krapf wenyewe hawakuafikiana. Krapf alitaka vituo vingi, mlolongo mmoja kuvuka bara zima la Afrika. Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja na kufanya kazi polepole. Huenda kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki, na kila mmoja alikuwa na kosa lake. Hatuna haja ya kuwafanya malaika. Walikuwa watu wa homa na watu wa hasira, na mara nyingine waliyatazama mambo ya wenyeji wao kwa jicho la dharau, jambo ambalo leo hatuwezi kulisifu. Hayo nayo ni udhaifu, na Mungu aliyebeba homa zao aliubeba na ujinga wao pia.

Rebmann akaa Rabai. Akaandika kamusi. Alimzika mtoto. Mwaka 1866 akamzika mkewe Emma. Miaka ikapita bila likizo ya kwenda kwao. Macho yake, yaliyokuwa ya kwanza kati ya macho ya Wazungu kuiona theluji ya Kilimanjaro, yakaanza kuingia giza. Yalimtia giza kidogo kidogo, mpaka kalamu ikawa taabu na kitabu kikawa taabu. Mmisionari Price alipofika mwaka 1874 kuanza kazi mpya, alimkuta mzee karibu kipofu, pamoja na kundi dogo sana la Wakristo.

Hebu tusimame hapa kidogo. Hii ndiyo saa ya kumpima Rebmann kama watu wapimavyo. Miaka 29 kazini, na kundi la watu wachache. Kama angalikuwa mwinjilisti katika mtaa wetu, kamati ingalimwambia nini? Pengine tungalimshukuru kwa maneno mazuri na kumwomba apumzike. Nasi tungalidhani tumetenda haki.

Lakini katika kundi lile dogo alikuwamo mzee Abe Gunja na mwanawe Isaac Nyondo. Rebmann alipoondoka Rabai mwaka 1875, asiweze kujiongoza njiani, Nyondo ndiye aliyefuatana naye mpaka Ulaya. Twaipenda sana habari hii. Mtu aliyekuja kuwaongoza wengine aliondoka akiongozwa. Na mkono uliomwongoza ulikuwa mkono wa mtoto wa Rabai, tunda la kazi yake. Mwaka 1846 alipanda kilima akipokezana punda na mgonjwa mwenzake. Mwaka 1875 alishuka akimtegemea ndugu yake Mwafrika. Rebmann alifia Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, karibu na alipoishi Krapf. Naye Krapf akafa huko huko mwezi wa Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, kama mtu aombaye.

Wasikilizaji wapenzi, chumvi huonekana wakati maji yamekwisha. Na tuone kilichobaki katika bwawa la Rabai.

Tangu mwaka 1864 walikuwa wamefika Rabai Waafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa huko Nasik, India. Miongoni mwao walikuwa William Jones na Ishmael Semler. Watu hawa walikwisha kuuzwa kama mbuzi. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono wawili hao, wakawa mashemasi. Mwaka ule ule Hannington akauawa Busoga, na ni William Jones aliyewakusanya wapagazi waliobaki na kuwarudisha Rabai mapema mwaka 1886. Mtu aliyekuwa mtumwa akawa mchungaji wa msafara uliopoteza askofu wake.

Huku katika nchi ya Wagiriama, watumwa waliotoroka walipata makimbilio Fuladoyo, wakajenga kijiji cha Wakristo chini ya David Koi. Hawakuwa na ngome. Mwaka 1883 David Koi akauawa kwa ajili yao. Na wengi wengine walikimbilia Rabai, hata ikafika siku ambapo wenye watumwa walitaka kuwarudisha kwa nguvu. Basi mwanzoni mwa mwaka 1889, baada ya fidia kulipwa, watu zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni walipewa hati za uhuru wao. Fikiri juu ya kilima kile walichokipanda wagonjwa wawili na punda mmoja. Kwa watu wengi kikawa mahali pa kuvuta pumzi.

Nao Wamethodisti walikuwa Ribe tangu 1862, wakaanza kwa shida zile zile: Thomas Wakefield aliona wenzake wakiugua na kuondoka, yeye akabaki. Kila mahali twaona mwendo mmoja.

Tujifunze nini basi? Kwanza, udhaifu si aibu ya kuificha. Krapf angaliweza kuandika kwamba waliingia Rabai kwa ushindi. Aliandika habari za punda. Sisi tukitoa ushuhuda kanisani, mara nyingi twaondoa punda katika habari. Twasema tulivyoshinda, hatusemi tulivyolia. Kisha yule ndugu aketiye nyuma, ambaye bado analia, hudhani yeye peke yake ndiye aliyeachwa. Ndugu, usimwondoe punda. Huenda huyo punda ndiye atakayembeba mwenzako.

Pili, unyenyekevu si uvivu, wala si kujidharau. Rebmann hakusema, mimi ni dhaifu, basi nilale. Alifanya kazi mpaka macho yalipozima. Wala hatusemi kwamba mgonjwa asiende hospitali, au kwamba mtu anayeonewa akae kimya akiita kuonewa kwake msalaba. Paulo alimsihi Bwana mara tatu, alitaka kupona. Omba upone. Tafuta dawa. Dai haki yako kwa njia iliyo njema. Lakini mwiba ukibaki baada ya hayo yote, usiseme kuwa Mungu ameondoka.

Tatu, kubali kuongozwa. Wako wazee wetu waliokuwa na nguvu jana, na leo wanashikwa mkono kwenda choo. Wako wachungaji ambao sauti zimewapotea. Wako kina mama waliolea watoto saba, na leo hulishwa kwa kijiko. Jambo hilo ni gumu kuliko kuhubiri. Kutoa msaada hutufanya tujione wakubwa. Kupokea msaada hutuonyesha kimo chetu. Mzee Rebmann alipouweka mkono wake katika mkono wa Nyondo, alihubiri labda hubiri lake kubwa kuliko yote, na hakusema neno.

Nasi tuliokwenda Marereni na jenereta yetu, tumeukumbuka usiku ule mara nyingi. Hatukuacha kutumia vipaza sauti. Ni vyombo vyema. Lakini tangu siku ile, kabla ya kukagua vyombo twakaa chini kwanza, tukaomba. Na yule mwinjilisti mwenye kigugumizi hatukumpa tena kazi ya viti. Tulimwomba atufundishe kuomba.

Ndugu unayetusikiliza huko Marereni, huko Gongoni, huko Magarini, au popote ulipo: pengine miguu yako imepasuka kwa maji ya chumvi, pengine macho yako yanapungua, pengine kusanyiko lenu ni la watu sita chini ya makuti yanayovuja. Usihesabu kama watu wa dukani. Bado jua halijamaliza kazi yake. Maji yanapungua, ni kweli, nawe unaona yakipungua. Mngoje Bwana wa bwawa. Yeye ajua kilichomo ndani.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyewaona wagonjwa wawili wakikipanda kilima cha Rabai, utuone na sisi. Utusamehe kiburi chetu tunapojaa, na hofu yetu tunapopungua. Uwakumbuke walio kitandani usiku huu, na wanaowauguza. Uwafundishe wenye nguvu kushika mikono ya wanyonge, na utufundishe sote kukubali kushikwa. Mwiba ukiuondoa, tutakushukuru. Ukiuacha, tupe neema ya kutosha siku ya kesho. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.